Muulize Fundi: Mashine moja, harusi mchana, maabara usiku, gemu wikendi

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Tabata, Dar. Nashuti video za harusi na send-off, usiku najisomea mambo ya network maana nataka nifanye CCNA (mtihani wa network wa Cisco), na wikendi lazima nicheze gemu, hiyo hata mke wangu ashazoea. Laptop yangu imechoka kabisa. Nimejichanga nina milioni tano na nusu, naomba unipitie hii orodha kabla sijatoa hela mfukoni. Prosesa Ryzen 7 7800X3D, madabodi ya B650, RAM DDR5 GB 32 vipande vinne vya GB 8 maana nimesikia vinne vikijaa ndo inapendeza, kadi ya RTX 4070 Ti Super, SSD moja ya TB 1, pawa saplai ya wati 600 jamaa wa Kariakoo ananiachia kwa elfu sitini, na kasha la kioo lenye mataa. Kamera yangu ni Sony A7 IV, naiweka 4K ile ya 10-bit 4:2:2. Nataka niwe nimefungua Premiere ya kueditia video huku VM (zile kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta) kama nne zinapiga kazi kwa nyuma. Itatosha?
— Mdau wa Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kuuliza kabla, maana barua nyingi ninazopata hapa zinaanza na "fundi nimeshanunua".

Nikwambie ukweli, hiyo orodha kaiandika mcheza gemu, halafu mshuti harusi na mwanafunzi wa network wameambiwa waning'inie mlangoni kama wapo kwenye daladala la saa kumi na mbili jioni. Na ukiangalia vizuri, anayeleta hela nyumbani kati ya hao watatu ni mshuti harusi. Kwa hiyo tumkalishe yeye kwanza, halafu wengine tuwatafutie siti.

Tuanze na prosesa. 7800X3D ni prosesa tamu sana ya gemu, ina kachi (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96 na hiyo kachi ndo inayoipa sifa zote, lakini ina viini 8 tu, yaani vichwa vya kufanyia kazi, na nyuzi 16, yaani kazi zinazoweza kwenda kwa pamoja. Ukishawapa VM nne viini viwili viwili umemaliza viini vyote, Premiere ikae wapi? Ndiyo, VM zinaweza kugawana viini na siyo zote zinakuwa bize muda wote, ila hutaki kufika mahali unarenda kazi ya mteja huku Windows Server inavuta shati. Mimi ningekushika mkono nikupeleke kwenye Ryzen 9 7900, ile isiyo na X mwishoni. Viini 12, nyuzi 24, inakaa kwenye soketi ileile ya AM5 kwa hiyo madabodi yako ya B650 haibadiliki, TDP yake (makadirio ya joto lake kazini) ni wati 65, na kwenye boksi inakuja na feni yake kabisa kwa hiyo hela ya kula imebaki. Kwenye gemu utapoteza fremu kadhaa ukilinganisha na X3D, ila tofauti hiyo inaonekana zaidi ukiwa na kadi kali sana na unacheza kwenye 1080p. Wewe ukiwa na monita ya 1440p na kadi ya kati nitakayokutajia hapo chini, kinachokuzuia ni kadi, prosesa inasubiri.

Halafu ina kigrafiki kidogo ndani yake. Siyo cha kuchezea gemu, ila siku kadi yako ikileta ukorofi unachomeka waya wa monita nyuma ya madabodi na kazi inaendelea. Watu wanadharau hiki kitu mpaka siku ya siku.

Sasa tuje kwenye kadi, na hapa naomba utulie maana ndo palipofichwa bomu. Umesema unarekodi 4:2:2 10-bit. Maana yake kamera inahifadhi rangi nyingi zaidi kuliko ile 4:2:0 ya kawaida ambayo simu na kamera nyingi zinatumia. Nzuri kwa kazi ya rangi, haina ubishi. Tatizo ni kwamba kadi za Nvidia mpaka kizazi cha RTX 40, ikiwemo hiyo 4070 Ti Super yako, kile kipande cha ndani kinachofungua video hakiijui 4:2:2. Hakiijui kabisa. Kwa hiyo video ikifika, kadi inainua mikono, kazi yote inamwangukia prosesa. Utaburuta kichwa cha taimlaini kwenye Premiere unaona bibi harusi anatembea kwa kurukaruka kama CD iliyokwaruzwa, ukifungua Task Manager prosesa inahema asilimia 90 na kitu na kadi uliyoinunua kwa mamilioni imekaa asilimia chache haina habari. Nimeshaletewa mashine za namna hii, mwenyewe anakuja analia kadi ni feki. Kadi siyo feki, anailisha chakula isichokula.

Nvidia wameanza kuifungua 4:2:2 kwenye kizazi cha RTX 50 kilichotoka 2025. Kwa hiyo ushauri wangu ni RTX 5060 Ti, na nisikilize vizuri, kuna mbili zenye jina lilelile, moja ina kumbukumbu ya GB 8 na nyingine GB 16. Kwenye boksi jina linaandikwa kubwa, GB zinaandikwa kadogo. Chukua ya GB 16. Muuzaji akikwambia "zote sawa tu boss", shukuru, ondoka. Sikufichi, kwenye gemu 4070 Ti Super inaiacha mbali hiyo 5060 Ti, kama ungekuwa mtu wa gemu tu nisingekugusa. Ila wewe asubuhi una mteja anataka highlight ya dakika tano kabla ya Jumatano.

Hakikisha pia Premiere yako ni ya kuanzia toleo 25.2 la 2025, matoleo ya zamani hayajui kuitumia hiyo injini mpya. Na kama una mpango wa kuhamia DaVinci Resolve, programu nyingine ya kueditia, ile ya bure kwenye Windows inakubania kwenye mambo ya kufungua hizi H.265 (namna ya kubana video) kwa kutumia kadi, utahitaji Studio ambayo ni dola 295 unalipa mara moja.

Kuna njia ya bei rahisi zaidi, jaribu hii kabla hujanunua chochote. Ingia kwenye menyu ya kamera, chagua XAVC HS 4K, weka 4:2:0 10-bit, shuti dakika mbili hapo sebuleni, kisha shuti tena dakika mbili za 4:2:2, zipeleke zote kwenye taimlaini uzipake rangi kama unavyopaka siku zote. Mimi kwa kazi za harusi, ambako hakuna skrini ya kijani nyuma na mwisho wa siku bwana harusi anaangalia kwenye simu kupitia WhatsApp, sioni tofauti inayolipiwa. Hiyo 4:2:0 10-bit kadi zote za Nvidia za miaka hii zinaifungua bila jasho. Ukiridhika nayo basi hata kadi ya kizazi cha nyuma ya bei nzuri inakufaa, ilimradi ina GB 12 kwenda juu.

RAM. Hapa nakuonea huruma maana umeingia sokoni wakati mbaya, tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa, viwanda vinapeleka chipu kwenye madata senta ya AI na sisi tunagombania makombo. Lakini hesabu ni hesabu. Windows Server ipe GB 4, Windows ya kliyenti GB 4, Linux moja GB 2, EVE-NG, ile programu ya kuigizia network, yenye ruta zako za mazoezi ipe 12, hapo ni 22. Windows yako mwenyewe na Chrome yenye matabu yako ya YouTube weka 8, tunaenda 30. Premiere ukiipa 16 haiombi msamaha, inakula zote. Jumla 46. Kwenye GB 32 unajua kitakachotokea, mashine itaanza kuazima nafasi kwenye SSD na kila kitu kitakuwa kizito kama kimelowa maji. Unahitaji 64.

Na hivyo vipande vinne ulivyosikia vinapendeza, nani kakwambia? Kwenye hizi Ryzen za 7000 AMD wenyewe wanaandika spidi rasmi ya 5200 ukiweka vipande viwili, ukiweka vinne inashuka mpaka 3600. Wapo wanaobahatika ikapanda zaidi, ila mashine ya kazi sitaki uiendeshe kwa bahati. Nunua viwili vya GB 32. Kama hela imegoma, nunua kimoja cha GB 32 sasa hivi, kingine kilekile cha kampuni ileile na spidi ileile utakinunua ukishalipwa harusi mbili tatu. Njia ya data itakuwa nusu kwa muda huo, kwenye gemu utaisikia, kwenye VM wala hutajua. Ni bora hivyo kuliko kununua vipande vidogo ambavyo baadaye itabidi uvitoe ukatafute mnyonge wa kumuuzia.

SSD moja ya TB 1 ndugu yangu ni utani. Piga hesabu nami. Kamera ikiwa kwenye megabiti 200 kwa sekunde, ambayo ndo 4K 50p ya 4:2:2, saa moja inakula GB 90. Kamera mbili, masaa matatu ya kurekodi kila moja, hiyo ni GB 540 kwa harusi moja. Moja! Bado Windows, bado gemu moja siku hizi linaweza kukuombea GB 100 na ushee, bado VM zako. Weka NVMe (SSD ya kasi inayochomekwa kwenye madabodi) ya TB 1 kwa ajili ya Windows na magemu, nyingine ya TB 2 ya kazi, humo unaweka futeji ya mradi unaoediti na mafaili ya VM, na diski ya kizamani inayozunguka ya TB 4 au 8 kwa ajili ya kuhifadhi kazi zilizoisha. Kabla ya kununua madabodi hesabu nafasi za M.2, ndo zinapochomekwa hizo NVMe, zipo B650 za bei chee zina moja tu.

Sasa pawa saplai ya elfu sitini. Hapa lazima nikusimulie. Miaka kadhaa nyuma na mimi nilijifanya mjanja, nikanunua moja imeandikwa wati 600 kwa herufi za dhahabu, jina la kampuni silitaji na duka silitaji. Nilikuwa narenda video ya kitchen party ya mtu, saa tano usiku, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ulivyorudi mara ya pili nikasikia pa! halafu harufu ile ya plastiki inayoungua. Madabodi ikaenda nayo. Kesho yake nimeifungua kwa bisibisi naona ndani uwazi kama kibanda kilichohamwa, kikoili kimoja, kipooza joto chembamba kama kijiko cha chai, na kule mahali pa vichujio vya umeme unaoingia bodi ina matundu yake kabisa na alama zimechapwa, lakini vifaa vyenyewe havijawekwa, wameunganisha kwa vipande vya waya. Ile pawa saplai nikainyanyua kwa vidole viwili. Tangu siku hiyo nikiingia dukani kitu cha kwanza naishika mkononi naipima uzito, ukinikuta Kariakoo napimapima maboksi kama nanunua sukari usishangae.

Mashine tuliyoipanga haili umeme wa kutisha. Prosesa ikikaza ni kama wati 88, kadi 180, weka madabodi na madiski na mafeni, unacheza kwenye 350 hivi. Kwa hiyo wati 650 za kweli, zenye alama ya 80 Plus Gold (ya kutopoteza umeme mwingi), kutoka kampuni inayoeleweka na yenye waranti ya miaka, zinatosha na zinabaki. Huhitaji 1000.

Na weka UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Zile ndogo za VA 650 zinazopangwa mlangoni kwenye maduka hazikufai, hizo wati zake halisi hazizidi sana 360, siku unarenda kwa nguvu umeme ukikata na yenyewe inakata, umenunua kengele. Tafuta ya VA 1200 kwenda juu, ndani yake kuna kama wati 600 mpaka 700 na kitu, itakupa dakika za kusevu na kuzima VM kistaarabu. Muulize muuzaji betri imekaa stoo muda gani, na usiondoke dukani kabla hujaichomeka taa au feni ukaichomoa ukutani ukaona inashika. Ile fridge gadi unayotumia kwenye friji pia inasaidia, inachelewesha umeme kurudi kwenye kifaa mpaka utulie. Ichomeke kati ya ukuta na UPS.

Kuhusu luku sasa. Wati 350 kwa masaa saba kwa siku ni uniti 2.45. Kwa mwezi ni uniti 73 na nusu. Kama nyumba yako ipo kwenye ile tarifu ya matumizi madogo ya TANESCO yenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, mashine peke yake karibu imeimaliza, friji na pasi vikija vinakutoa kwenye tarifu na bei ya uniti inaruka. Sawa, haitakuwa inakaza masaa yote saba, ukiandika tu na kuvinjari inakula robo ya hapo. Ila ongea na mkeo mapema, asije akaambiwa na luku.

Kasha la kioo lenye mataa nalikataa, siyo kwa sababu ya mataa. Kioo mbele kinaziba hewa. Hapo Tabata mchana chumba bila AC kinagonga nyuzijoto 32, wale wa YouTube wanaopima joto wako chumba cha 21. Kipoozaji hakiwezi kushusha chini ya joto la chumba, prosesa siku zote inakaa nyuzi kadhaa juu yake, kwa hiyo prosesa inayosoma 70 kwao kwako itasoma 81 au zaidi. Chukua kasha lenye wavu mbele na kichujio cha vumbi kinachochomoka, feni mbili zinaingiza moja inatoa. Kichujio kioshe kila mwezi, kausha kabisa ndo urudishe. Usiiweke chini sakafuni, vumbi la Dar linajua njia.

Mambo mawili ya mwisho. Windows chukua Pro kama unataka Hyper-V (kiendesha VM cha Microsoft wenyewe), Home haina. Ila kwa mazoezi yako VMware Workstation Pro, programu nyingine ya kuendeshea VM, inakutosha na tangu Novemba 2024 ni bure kwa kila mtu, hata kwa biashara. Na usije ukapoteza wiki nzima unajaribu kucheza gemu ndani ya VM kwa kuipasia kadi, inawezekana, nimefanya, lakini magemu ya mtandaoni yenye walinzi wakali wa kuzuia udanganyifu kama Valorant yanakufukuza yakigundua yapo ndani ya VM. Gemu icheze kwenye Windows yenyewe, VM zizime kwanza, RAM ipumue.

---

SWALI: Fundi habari za huko. Mimi niko Mombasa, nafunza kompyuta kwenye kituo kidogo na pia naeditia watu video za madrasa na maulidi. Kuna duka lauza HP Z440 zile zimetoka Uingereza, ina Xeon E5-2680 v4 na RAM GB 64, bei yake ni chini ya nusu ya mashine mpya. Kaka yangu asema ni chuma kizee nisiguse. Wewe waonaje?
— Dada wa Likoni

JIBU: Nzuri dada yangu, maulidi mema na huko pia. Kaka yako ana haki nusu.

Kwa VM hiyo mashine ni ng'ombe wa kulimia. Viini 14, nyuzi 28, RAM ya ECC (inayojirekebisha makosa), nafasi nane za RAM, pawa saplai ya wati 700 ya kweli kabisa siyo ya maneno. Kwa kufundishia, unaiweka Proxmox, mfumo wa kuendeshea VM nyingi, ukutani kule, wanafunzi kila mtu na VM yake, wanaingia kupitia vile vikompyuta vidogo mlivyo navyo. Pesa hiyo hupati kitu kipya cha kuifikia kwa kazi hiyo, na sasa RAM zilivyopanda bei, zile GB 64 peke yake ni sababu.

Kwa video ni wastani. Xeon hiyo haina grafiki ndani kwa hiyo kazi yote ya kufungua H.264 na H.265 inategemea kadi utakayoweka. RTX 3060 ya GB 12 inaingia vizuri, ina wati 170 tu, ila angalia nyaya za kadi kwenye hiyo pawa saplai, za HP huwa ni pini 6 na kadi nyingi zataka pini 8. Hilo linahitaji adapta nzuri, siyo ile ya mia mbili ya kwenye ndoo. Na madabodi yake haina nafasi ya M.2, utaweka NVMe kwa kadi ya adapta kwenye PCIe, kwanza uipdeiti BIOS.

Kwa gemu, hapo ndo kaka yako ana haki. Kiini kimoja cha hiyo 2680 v4 kinafika GHz 3.3 basi, magemu ya sasa yanataka kiini chenye mbio siyo viini vingi vyenye mwendo wa punda. Ukimpata muuzaji akakubadilishia akakupa E5-1650 v4, viini 6 vinavyofika GHz 4.0, gemu na kuediti vitachangamka, ila VM zitapungua. Chagua.

Kitu ambacho muuzaji hatakwambia ni kwamba Windows 11 rasmi haiitambui prosesa hiyo, na Windows 10 Microsoft wamesitisha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025. Watu wanaisukumia 11 kwa njia za panya na inakubali, lakini kwa mashine ya kituo chenye wanafunzi mimi ningeweka Linux au Proxmox nikalala. RAM ukitaka kuongeza, nunua ileile ya seva, ECC iliyo rejista. Ya kompyuta ya kawaida haichanganyiki nayo, mashine itapiga milio tu.

Siku ya kununua nenda na flashi yenye Memtest ya kupimia RAM, iache izunguke hapo dukani saa nzima huku wewe unakunywa kahawa. Muuzaji akianza kuona haraka, na wewe ona haraka.

---

SWALI: Fundi mambo. Nimejenga mashine mwenyewe, Ryzen, RAM 64, kila kitu kipya. VirtualBox ya kuendeshea VM inaenda taratibu mpaka aibu, na kwa chini kwenye dirisha kuna kobe wa kijani. Huyu kobe ni nani? Na EVE-NG ndani ya VMware inakataa kabisa kuwaka.
— Wa Njiro, Arusha

JIBU: Poa. Huyo kobe ni VirtualBox inakushtakia kwamba haijapewa prosesa moja kwa moja, imekalia mgongo wa Hyper-V. Na VMware inakataa kwa sababu hiyohiyo, EVE-NG inataka kuendesha VM ndani ya VM, na Hyper-V ikishakalia kiti haikubali kupasia.

Anza na Task Manager, kwenye ukurasa wa CPU, tafuta pameandikwa Virtualization. Kama ni Disabled, ingia BIOS utafute SVM Mode uiwashe, bodi nyingi za AMD zinakuja imezimwa na watu wananunua RAM nyingine wakidhani ndo tatizo. Kwa vile kobe anaonekana, yako nadhani imeshawaka.

Halafu nenda Windows Security, Device Security, Core Isolation, uzime Memory Integrity. Hii ndo inayowasha hypervisor, ule msingi wa Hyper-V, kimyakimya hata kama wewe hujawahi kusikia Hyper-V. Kisha fungua Command Prompt kama admin uandike `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off` halafu zima na uwashe. Ujue tu umepunguza ulinzi kidogo kwenye Windows, na WSL2 (Linux ndani ya Windows) na Docker Desktop, kama unavitumia, vitagoma mpaka urudishe kwa kuandika `auto` badala ya `off`.

Ukiwasha tena kobe atakuwa ameondoka, patakuwa na kialama chenye herufi V. Asipoondoka niandikie, unitajie na aina ya madabodi.